Lili zangu zilichanua mwaka wa kwanza tu, sasa zinaoza. Nimekosea wapi?

"Habari za kazi, mtaalamu. Naishi Uyole, Mbeya. Mwaka juzi nilinunua matunguu kumi na mawili ya lili, nyeupe na za pinki, muuzaji akasema yametoka Uholanzi. Nilipanda Novemba, yakachanua mpaka watu wakawa wanasimama getini kuuliza. Nilikata yote, mengine nikapeleka kanisani, mengine yakapamba sendofu ya binti yangu. Mwaka jana yalitoa majani membamba na ua moja tu. Juzi, Julai hii, nimechimba nimekuta matano yameoza, mengine yamegawanyika vipande vidogo kama vitunguu saumu. Namwagilia kila siku na samadi ya ng'ombe naweka ya kutosha. Jirani mmoja anasema udongo umechoka. Mwingine anasema niyaweke kwenye friji, nikacheka: kweli Mbeya na baridi hii bado tunahitaji friji? Ningependa zichanue Pasaka ijayo. Na je, zina madhara kwa paka? Ninaye mmoja."

Shikamoo mama, na pole kwa hayo matano. Naanza na swali uliloliweka mwisho, maana mengine yote yanaweza kusubiri mvua ila hilo la paka halisubiri.

Lili huua paka. Si majani peke yake: petali, shina, chavua iliyomdondokea mgongoni akajilamba, hata maji ya chombo cha maua kilichoko mezani. Kinachoharibika ni figo. Siku ya kwanza anatapika na kukataa chakula, kisha anaonekana kama amepata nafuu, na katikati ya hapo figo zinasimama. Wengi hudhani amekula panya mwenye sumu. Ukimwona ametafuna, au ana unga wa kahawia puani, usimpe maziwa wala kusubiri asubuhi. Mpeleke kwa daktari wa mifugo saa hiyohiyo, kwa sababu kuwekewa maji ya mshipani husaidia kukianza mapema, ndani ya saa 18 hivi. Mkojo ukishakatika, matumaini ni madogo mno. Kama paka wako anaingia na kutoka atakavyo, mimi ningekushauri upande ua lingine kabisa, na hapo chini nitakutajia mawili matatu. Kama anakaa ndani tu, basi lili zibaki bustanini, zisivuke mlango.

Sasa turudi kwenye tuta lako.

Kwanza tuhakikishe tunazungumzia ua lilelile. Mbeya nzima, na Iringa pia, neno lili limebeba mizigo mingi. Lile ua jeupe lililojikunja kama faneli na kijiti cha njano katikati, linaloota lenyewe kando ya mitaro, ni aramu. Asili yake ni Afrika Kusini na linapenda maji. Lile jekundu kubwa linalotoka juu ya bomba tupu lisilo na majani ni amarilisi. Ukichimba amarilisi utakuta kitunguu hasa, chenye ngozi kavu ya nje. Lili ya kweli haina ngozi hiyo. Tunguu lake ni magamba manene yaliyolaliana kama mgongo wa kakakuona, ukiligusa vibaya yanabanduka. Wewe umesema vipande kama vitunguu saumu, na muuzaji ametaja Uholanzi, kwa hiyo sina shaka kwamba zako ni zenyewe. Nimelieleza hili kwa sababu ushauri wa "mwagilia kila siku" naufahamu unakotoka: ni ushauri wa aramu. Ukiupeleka kwenye lili unaua.

Yale magamba ni majani yaliyogeuzwa ghala. Ndani yake kuna wanga, kama kwenye kiazi. Tunguu likiamka linatumia wanga huo kusukuma shina juu, kufungua majani na kutoa maua. Ghala hubaki karibu tupu. Kisha majani yaleyale, yakiwa juani, huanza kurudisha chakula chini. Kazi hiyo haifanyiki wakati wa maua, inafanyika baada ya maua kukauka, kwa wiki nyingi, mpaka shina ligeuke njano lenyewe.

Umeshaona ninakoelekea. Ulipokata yote kwa ajili ya kanisa na sendofu, bila shaka ulikata chini, maana mpambaji anataka shina refu. Uliondoka na ua na kiwanda cha chakula kwa mpigo mmoja. Matunguu yakabaki na ghala tupu, yakatumia kilichobaki kujigawa vipande vidogo, kila kimoja kikitafuta namna ya kuishi. Mwaka uliofuata kila kipande kikatoa jani lake jembamba. Ua moja ulilopata lilitoka kwenye tunguu moja lililobahatika, pengine lile ambalo mkasi wako ulipita juu kidogo.

Kwa hiyo jirani wa kwanza amekosea. Udongo haujachoka. Udongo wa upande wenu, wenye majivu ya volkano, kwa kweli ni mmoja wa udongo mzuri wa maua nchini. Ukichoka huo, sisi wengine tufanyeje?

Jirani wa pili, mwenye friji, amepatia, na hapa naomba uvumilivu kidogo kwa sababu ndipo wengi wetu wa Nyanda za Juu tunapojidanganya.

Hakuna lili ya kweli yenye asili ya Afrika. Zote zimetoka kaskazini mwa dunia: Japani, Uchina, Ulaya, Amerika Kaskazini, chache milima ya India na Ufilipino. Nyingi zinatoka kwenye nchi zenye majira ya baridi kali. Lili ikichipua kule Desemba, barafu inaichoma. Ndiyo maana tunguu limejengwa na saa yake: linahesabu wiki za baridi kabla ya kuachia shina la maua. Aina nyingi za bustani zinataka wiki 6 hadi 8 mfululizo kwenye nyuzi 2 hadi 7 za sentigredi, na zile za pinki zenye harufu nzito, ambazo wauzaji huziita orientali, zinaweza kutaka wiki 10. Zisipopata hesabu hiyo hazifi papo hapo. Zinachelewa, zinachipua moja leo nyingine mwezi ujao, nyingine zinabaki majani tu.

Matunguu ya Uholanzi huvunwa, husafishwa, hufungwa kwenye mboji yenye unyevu na kuwekwa vyumba vya baridi kwa wiki kadhaa kabla ya kusafirishwa. Maana yake, maua yaliyosimamisha watu getini kwako yalikuwa yameshahesabiwa baridi yake huko huko. Wewe uliyapa mvua na jua tu. Mwaka wa pili ilikuwa zamu ya Mbeya kuyapa baridi, na Mbeya haikuweza.

Najua utasema: Julai tunatoka asubuhi tumejifunga mablanketi, itakuwaje baridi isitoshe? Mwaka mmoja nilikuwa kwa rafiki yangu Gangilonga, Iringa, mwezi kama huu, nikachomeka kipimajoto ardhini saa kumi na mbili asubuhi. Hewa ilikuwa nyuzi 7, tukitoa mvuke mdomoni. Sentimita 15 chini, pale tunguu linapolala, ilikuwa 14. Rafiki yangu alidhani kipimajoto kimeharibika. Hakikuwa kimeharibika, udongo haufuati alfajiri, unafuata wastani wa mchana na usiku, na mchana wa Julai jua la huku linawaka. Baridi tunayoisikia sisi ni ya saa chache, na tunguu linataka ya wiki nzima bila kupumzika. Wa Makete na maeneo ya juu ya Njombe wana nafuu kidogo, huko umande unaganda, lakini hata wao wasitegemee kwa zile za pinki.

Lili nyeupe ya tarumbeta, ile inayoelekea pembeni na ambayo wengi huiita lili ya Pasaka, ni tofauti. Kwao ni visiwa vya kusini mwa Japani, ambako baridi si kali. Hii inaweza kuishi Mbeya mwaka baada ya mwaka bila friji kama utaiachia majani yake na kuinusuru na maji. Friji inaiharakisha na kuifanya ichanue kwa pamoja, hailazimiki. Kama matunguu yako meupe ni ya tarumbeta, hayo ndiyo ya kuyapigania. Za pinki, nakuambia ukweli, zichukulie kama mgeni wa msimu mmoja: unanunua, unafurahi, mwakani unanunua tena. Si dhambi. Hata nchi zinazolima lili za biashara hununua matunguu mapya.

Ukiamua kutumia friji, zingatia mambo machache. Yaweke kwenye maranda ya mbao yenye unyevu, kiasi kwamba ukikamua kwa ngumi maji hayatoki. Maranda ya misonobari ya Mafinga yanafaa sana, ila yasiwe ya mbao zilizopakwa dawa. Fungia kwenye mfuko wa plastiki uliotobolewa matundu, weka droo ya chini ya mboga, usikaribie kabisa friza. Friza ya nyumbani ni kama nyuzi 18 chini ya sifuri na itayageuza uji. Na droo hiyo isiwe na matunda. Parachichi na ndizi zikiiva hutoa gesi inayovuruga chipukizi la lili likiwa bado ndani ya tunguu. Hili nimelijua kwa hasara yangu: niliwahi kuacha mfuko wa matunguu chini ya parachichi za Rungwe, tena za kuletewa zawadi, kwa wiki tatu. Nilipopanda, mashina yalitoka vizuri, vitumba vikaja, kisha kimoja baada ya kingine vikakauka vikiwa saizi ya punje ya mahindi. Nilizunguka nikitafuta mdudu. Mdudu alikuwa parachichi.

Kuoza sasa. Matano uliyoyakuta, ukiyaangalia vizuri nina hakika yalianzia chini, kwenye kitako ambako mizizi inatoka, pakiwa na rangi ya kahawia na magamba yanayochomoka bila kuvutwa. Huo ni ugonjwa wa ukungu wa udongoni uitwao fuzariamu. Ukungu huo upo karibu kila mahali. Unaoufungulia mlango ni udongo uliolowa, wenye joto, na tunguu lenye jeraha. Lili haina ngozi ya nje kama kitunguu maji, kwa hiyo haina koti. Mizizi yake inahitaji hewa, na udongo uliojaa maji hauna hewa. Mizizi inakufa, ukungu unaingia kupitia mizizi iliyokufa.

Hukusema tuta lako liko wapi, lakini nyumba nyingi za Uyole bustani ya maua iko mbele, chini ya bati. Kama mchirizi wa paa unamwagika humo kuanzia Novemba mpaka Aprili, hapo tu umeshapata jibu. Fanya jaribio: chimba shimo la sentimita 30, lijaze maji, liache yanywewe, lijaze tena. Kama baada ya saa mbili tatu maji ya pili bado yamesimama, usipande lili hapo bila kuinua tuta. Inua sentimita 25 hadi 30, changanya mchanga wa mto au ile changarawe nyepesi ya volkano mnayoiona ikielea majini, na mboji iliyoiva. Udongo wa asili wa Uyole kwa kawaida hupitisha maji, kwa hiyo pengine utakuta tatizo ni mchirizi na ndoo yako ya kila siku.

Kumwagilia: kiangazi mara mbili kwa wiki, maji mengi kwa mpigo mmoja, kisha acha. Chomeka kidole mpaka kiungo cha pili. Kukiwa na unyevu, weka ndoo chini. Mvua zikianza, usimwagilie.

Samadi ni kesi nyingine. Mbichi inachoma kitako na kuleta ukungu, na hata iliyoiva nusu ina naitrojeni nyingi inayozalisha majani laini yasiyo na ua. Urea ni hivyo hivyo. Weka mboji iliyokaa miezi sita na zaidi, na chipukizi likifika urefu wa kiganja tupia mbolea ya NPK kiganja kimoja kwa mita ya mraba, irudie maua yakikauka. Hiyo ya pili watu huisahau, na ndiyo inayojaza ghala.

Kuhusu matunguu uliyonayo mkononi leo. Yaliyooza yachome moto, usiyatupe kwenye shimo la mboji, na mahali pale usipande lili kwa miaka kadhaa. Mazima makubwa, yenye ukubwa wa yai la kuku, yaoshe, yaanike kivulini siku moja. Vipande vidogo vipande kwenye kitalu, sentimita 5 chini, uviache vikue; vitachukua miaka miwili au mitatu kutoa ua, na usivikate hata jani. Hayo makubwa usiyaache mezani mpaka Novemba. Yatanyauka, kwa kuwa koti hayana. Yahifadhi kwenye maranda yenye unyevu kidogo, chumba cha baridi, mpaka zamu ya friji ifike.

Zamu hiyo inategemea Pasaka, ambayo huhama kati ya Machi 22 na Aprili 25. Chukua tarehe yake kwenye kalenda ya kanisa urudi nyuma siku 120: hapo ndipo pa kupanda lili nyeupe ya tarumbeta. Rudi tena wiki 8: hapo ndipo pa kuingiza friji. Pasaka ya mwanzo wa Aprili inakupeleka kupanda mwanzoni mwa Desemba na friji mwanzoni mwa Oktoba. Pinki zisizo na harufu, zinazotazama juu, zina haraka, siku 80 hadi 90 zinatosha. Baridi ya mwaka ikizidi zote zinachelewa wiki moja au mbili, kwa hiyo usimwahidi mchungaji idadi.

Panda kina cha sentimita 15 kutoka juu ya tunguu, si zaidi wala pungufu sana. Lili ina mizizi ya aina mbili: ya kitakoni na mingine inayotoka kwenye shina, juu ya tunguu, ndani ya udongo. Hiyo ya shina ndiyo inayoilisha wakati wa maua na kuizuia isianguke. Ukipanda juujuu unainyima.

Ugumu wa lili ya Pasaka kwetu ni kwamba inakua katikati ya masika. Majani yakilowa usiku kucha utaona madoa ya kahawia ya duara, yanaungana, jani linaning'inia kama tambara, kuanzia chini kwenda juu. Ni ukungu mwingine, wa majani. Dawa ya mankozebu wanayopulizia wakulima wa viazi inazuia ikipigwa kabla, haiponyi jani lililokwisha. Fuata kibandiko, vaa glovu na barakoa. Mimi kwa matunguu sita saba nisingehangaika na dawa: ningepanda kwenye ndoo zilizotobolewa chini na kuzisogeza barazani, chini ya paa, mwanga wa asubuhi unapoingia.

Siku ya kukata, acha angalau nusu ya shina na majani yake. Mpambaji akinung'unika, mpe matawi ya msonobari ajazie. Kata ua la chini linapoanza kufunguka tu, na chomoa vile vijiti vya chavua kabla havijapasuka, kwa sababu ya paka na kwa sababu ya kitambaa cha madhabahu. Chavua ikimwagika kwenye nguo usiifute kwa maji, inaingia. Ibandue kwa selotepu.

Ukiona majani yana michirizi ya njano na kujikunja huku chini ya majani pamejaa vidukari, hicho ni kirusi, hakina dawa. Ng'oa. Na kama mazima yataendelea kuoza hata baada ya kuinua tuta, usiendelee kubahatisha. Uko Uyole, mama. Kituo cha utafiti wa kilimo cha TARI kiko mlangoni kwako. Chukua tunguu bovu likiwa na udongo wake kwenye mfuko, uwapelekee, na uombe wapime pia uchachu wa udongo. Lili inataka uchachu kidogo, pH ya 6 hadi 6.5.

Mwisho, yale maua mbadala. Amarilisi haihitaji friji, inavumilia Mbeya miaka kumi mahali pamoja, ingawa nayo paka asiitafune. Nyinyoro, ile yenye kichwa chekundu kama mpira wa nyuzi, ni ya kwetu kabisa na huibuka na mvua za kwanza. Tahadhari ni ileile. Mawaridi na dalia hayana sumu ya figo, na kama paka wako ni mtafunaji, ningeanzia kwa waridi jeupe. Ua ambalo sitakushauri hata kama utaliona zuri porini ni lile la kutambaa lenye petali nyekundu na njano zilizopinda kama ndimi za moto, gloriosa. Tunguu lake lina sumu inayoua mtu. Mtoto akilila, ni hospitali mara moja, na ubebe kipande cha mmea wenyewe mkononi.